Kiharusi na Ile Dalili Isiyoonekana Usoni

Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, mahali inapochepuka njia ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo husimama hapo, madereva wakala na kunywa kabla ya kuuteremka mlima wa Sekenke. Na achukuliwe, kwa mfano tu, muuza vitunguu mmoja wa mahali kama hapo, mtu wa kufikirika mwenye umri wa miaka 52, hodari wa kazi, ambaye hajalazwa hospitali hata siku moja. Asubuhi moja, akiwa amesimama kando ya magunia yake, kikombe cha chai champonyoka mkono wa kulia. Pembe ya mdomo wake yashuka upande mmoja. Anapojaribu kusema, maneno yanatoka kama ya mlevi. Waliopo karibu hawakubaliani: huyu anasema amepitiwa na upepo mbaya, yule anashuku pombe ya jana, na wa tatu anashauri alazwe kivulini apumzike. Baada ya dakika ishirini hivi mkono unarudi kama kawaida, ulimi unanyooka, watu wanamshukuru Mungu, naye anarudi kwenye magunia yake.

Jambo lililompata mtu huyu lina jina katika elimu ya tiba. Ni kiharusi cha kupita, yaani kiharusi kilichobisha hodi kikaondoka. Donge dogo la damu limeziba mshipa mmoja wa ubongo kwa muda, kisha likameguka na damu ikapita tena. Katika uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa California na kuchapishwa mwaka 2000, kati ya wagonjwa waliofika hospitali kwa hali ya namna hiyo, mmoja katika kila kumi alipatwa na kiharusi kamili katika muda wa siku 90, na nusu ya hao walikipata katika siku mbili za mwanzo. Basi wale waliomshukuru Mungu pale Misigiri hawakukosea kushukuru. Walikosea kumwacha arudi kwenye magunia. Siku ile ile alistahili kupelekwa hospitali, ingawa alikuwa anatembea na kucheka.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote ivutwayo. Tena hauna ghala. Misuli yaweza kufanya kazi kwa muda bila oksijeni ya kutosha na kulipa deni baadaye, ubongo hauwezi. Mshipa mkubwa uzibapo, chembe hai za ubongo hufa kwa kasi ambayo mtaalamu mmoja, katika makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006, aliihesabu kuwa wastani wa milioni 1.9 kwa kila dakika. Kiharusi cha aina ya pili hutokea mshipa unapopasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo wenyewe. Kwa nje aina hizi mbili hufanana, hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa macho tu. Nyuzi za neva zitokazo ubongoni huvuka na kwenda upande wa pili wa mwili, na kwa watu walio wengi kituo cha lugha kipo katika nusu ya kushoto ya ubongo. Ndiyo maana muuza vitunguu alipoteza mkono wa kulia na usemi kwa pamoja. Mwalimu wa Biolojia anayetafuta mfano wa kufundishia muundo wa ubongo hatapata ulio bora kuliko huo.

Dalili zenyewe zafaa kujulikana na kila mwanafunzi. Mtu huombwa atabasamu, ili ionekane kama uso unakwenda upande. Huombwa anyooshe mikono yote miwili mbele na kufumba macho, ili ionekane kama mmoja unashuka wenyewe. Huombwa arudie sentensi fupi, ili isikike kama maneno yanavurugika au hayatoki kabisa. Uso, mkono, usemi: moja tu kati ya hayo likitokea ghafla latosha. Yako pia mengine, kama vile kupoteza uwezo wa kuona kwa ghafla, kuyumba bila sababu, au maumivu makali ya kichwa ambayo mtu hajapata kuyasikia maishani mwake. Neno la kuangalia katika yote hayo ni ghafla. Ganzi inayoongezeka polepole kwa miezi ni jambo jingine.

Kipimo hicho cha uso, mkono na usemi kilibuniwa Newcastle, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya wahudumu wa magari ya wagonjwa. Kiliambatana na neno la nne, yaani saa. Kwa mji wa aina ile neno hilo lina maana timilifu. Mgonjwa afikapo hospitali hupigwa picha ya ndani ya kichwa kwa mtambo wa CT. Ikionekana kwamba damu haikumwagika, aweza kudungwa dawa ya kuyeyusha donge, mradi zisiwe zimepita saa nne na nusu. Saa hizo zinahesabiwa tangu wakati mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, wala si tangu alipofika mlangoni. Aliyelala mzima akaamka amepooza amekwisha kuzipoteza usingizini.

Hapa ndipo penye jambo la kujadiliwa. Mafunzo mengi yatolewayo kuhusu kiharusi, katika mabango na katika redio, yameazimwa mazima mazima kutoka miji ya namna ile. Yanamfundisha mwananchi kuitambua dalili na kukimbia, kana kwamba mwisho wa mbio hizo upo mtambo, ipo dawa, na yupo mtaalamu anayengoja. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, inayo mitambo ya kupiga picha za ubongo. Lakini kutoka Misigiri hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 200, na kabla ya safari kuna mashauri ya ndugu, kuna kutafuta gari, kuna kukusanya fedha. Hospitali za mikoa zimeendelea kupata vifaa, na ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kumwambia mwanafunzi wa Iramba kwamba usalama wa baba yake unategemea mbio za saa nne na nusu ni kumfundisha nusu ya ukweli, tena nusu ile iliyo mbali naye.

Haina maana kwamba asikimbizwe. Katika hospitali ya wilaya yapo mambo makubwa yawezayo kufanyika bila mtambo wowote. Sukari ya damu hupimwa kwa tone moja. Kushuka kwa sukari huweza kuigiza kiharusi barabara, na mgonjwa wa namna hiyo huweza kuinuka ndani ya dakika chache baada ya kudungwa glukosi. Uwezo wa kumeza huchunguzwa kabla ya mgonjwa kupewa chakula, maana wengi waliopooza hawafi kwa kiharusi chenyewe bali kwa homa ya mapafu iliyoletwa na uji au maji yaliyopita njia ya hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, nyumbani asinyweshwe kitu chochote, si maji, si dawa ya miti shamba, si aspirini. Aspirini ina faida kwa mshipa uliozibika na madhara kwa mshipa uliopasuka, na mtu wa nyumbani hajui ni upi. Mgonjwa alazwe ubavu, nguo zilegezwe shingoni, saa ya kuanza kwa dalili iandikwe, na gari litafutwe. Kumbana mtu asiyejimudu kati ya watu wawili juu ya pikipiki ni njia ya mwisho kabisa, ingawa yajulikana kwamba mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo.

Lakini mpaka hapo sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea. Ipo dalili nyingine, itanguliayo kwa miaka kumi au ishirini, ambayo haionekani usoni wala haisikiki katika usemi, na ambayo zahanati ya kijiji yaweza kuigundua kwa dakika tano. Hiyo ndiyo inayostahili kuwekwa mbele katika mafunzo ya sehemu kama Misigiri.

Shinikizo la damu

Kwa miaka mingi kiharusi kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wazee wa Ulaya na Marekani. Hesabu zilizofanywa nchini zimelivunja wazo hilo. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo vya watu wazima katika maeneo matatu, yaani sehemu za Dar es Salaam, Wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini, kwa kuwahoji jamaa za marehemu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa wanaume wenye umri wa miaka 15 hadi 64, baada ya kusawazisha tofauti za umri, vifo vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka vilikuwa 65 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro Vijijini. Kwa wanawake vilikuwa 88, 33 na 27. Katika Uingereza na Wales, mwaka 1993, vifo vya rika hilo vilikuwa kama 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Hao si wazee. Ni watu wa umri wa kulima, kufundisha na kulea.

Watafiti waliofuata, kati ya mwaka 2003 na 2006, waliwatafuta watu wenyewe waliopatwa na kiharusi katika Hai na Dar es Salaam, wakawapata 636. Kiwango cha Dar es Salaam, baada ya kusawazishwa kwa umri, kilikuwa 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kikipita kile cha nchi nyingi zilizo tajiri; cha Hai kilikuwa 109. Walipowalinganisha wagonjwa hao na watu wasiougua, yalijitokeza mambo yale yale mjini na kijijini: shinikizo la damu, uvutaji wa sigara, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kisukari kilijitokeza Dar es Salaam.

Uchunguzi mmoja wa miaka ya 1990, uliofanywa Ilala na katika kijiji cha Shari huko Hai, wastahili kusomwa mara mbili. Watu wapatao 30 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi. Kati ya hao wenye shinikizo, hawakufika 20 katika kila 100 waliojua kwamba wanalo. Kama 10 walikuwa wanapata matibabu. Ambao shinikizo lao lilikuwa limeshushwa kufikia kiwango kinachotakiwa hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa zima uliwakuta watu 26 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wakiwa na shinikizo la juu. Kwa hiyo swali la msingi kwa mtu mzima wa Misigiri si kama aweza kuitambua dalili ya kiharusi. Ni kama anazijua namba zake mbili.

Namba hizo zafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu mara nyingi hutajwa kama namba za simu, bila maana. Ya kwanza ni shinikizo moyo unaposukuma, ya pili ni shinikizo moyo unapojaza damu. Kipimo ni milimita za zebaki. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Kwa hiyo shinikizo la milimita 140 za zebaki lingesukuma maji juu kwa karibu sentimita 190, yaani kupita kimo cha watu walio wengi. Mwingereza Stephen Hales alilionyesha jambo hilo kwa macho alipochomeka mrija wa kioo katika mshipa wa farasi na kuiona damu ikipanda zaidi ya futi nane. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1733. Mishipa midogo ya ubongo, mingine myembamba kuliko uzi, hubeba mapigo ya nguvu hiyo mara 100,000 kwa siku. Si ajabu kwamba kuta zake hukakamaa, zikaziba au zikapasuka. Uchambuzi uliokusanya habari za watu wazima milioni moja, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika umri wa miaka 40 hadi 69 kila ongezeko la milimita 20 katika namba ya kwanza huandamana na hatari ya kufa kwa kiharusi inayozidi maradufu. Wala maradufu hizo hazianzii 140. Zinaanzia chini, karibu na 115.

Yupo mtu mmoja ambaye namba zake zimehifadhiwa katika historia. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa mwaka 1937 akakutwa na 162 kwa 98. Mwaka 1941 alikuwa na 188 kwa 105. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa amekaa kitini anachorwa picha, alilalamika maumivu makali ya kichwa kwa nyuma, akapoteza fahamu. Namba ya kwanza ilikuwa imepita 300, ya pili 190. Alikufa siku hiyo hiyo akiwa na miaka 63. Kiongozi wa taifa lililokuwa na nguvu kuliko yote duniani hakuwa na kidonge, kwa sababu kidonge cha kufaa hakikuwepo. Dawa za kwanza za mdomo zilizotumika kwa urahisi zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, na uthibitisho kwamba kushusha shinikizo huzuia kiharusi ulitolewa Marekani mwaka 1967 na 1970. Mwalimu wa sekondari ya Iramba leo yuko katika hali bora kuliko Roosevelt, kama atapima, na kama atameza.

Kumeza ndiko kwenye matatizo. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema juu ya presha ya kupanda na presha ya kushuka, na huamini kwamba mwenye presha huisikia: kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, hasira humpanda. Kutokana na imani hiyo kidonge hutafutwa kichwa kiumapo na kuachwa kichwa kipoapo. Ukweli ni kwamba shinikizo la juu, kwa watu walio wengi, halisikiki kabisa. Atumiaye dawa kwa mwezi mmoja akajiona mzima akaacha hajapona. Amerudi alikokuwa, akiwa na uhakika wa uongo. Ni kweli pia kwamba dawa hukosekana zahanati, na kwamba safari ya kila mwezi humgharimu mkulima siku ya kazi. Hilo ni deni la watawala wa huduma za afya, na haifai kumtwisha mgonjwa lawama yote.

Imekuwa desturi, kila linapozungumzwa jambo hili, kuwanyoshea kidole watu wa vijijini kwamba ushirikina ndio unaowaua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kinyume: ni Dar es Salaam ambako wengi walikihusisha kiharusi na mapepo na uchawi, ilhali katika vijiji vya Hai wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Mwenye shahada anayewacheka wanakijiji angeanza na mtaa wake.

Kila mtu, basi, aweza kuijua hatari yake kwa kiasi. Umri na ukoo havibadiliki. Lakini shinikizo, sukari, sigara, unywaji wa pombe kupita kiasi na uzito hubadilika. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyomo katika mkate na dagaa wa chumvi, Shirika la Afya Duniani hushauri isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Na mkono unaokoleza mboga mara nyingi ni mzito kuliko huo. Mwenye virusi vya UKIMWI apimwe shinikizo kila aendapo kuchukua dawa zake. Mtoto mwenye selimundu aweza kupatwa na kiharusi akiwa bado shule ya msingi, naye asingoje kuwa mzee ili achunguzwe. Na aliyepatwa na kiharusi cha kupita, kama yule muuza vitunguu, amekwisha kuwatangulia wengine wote katika foleni.

Shule zinaweza nini

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa kutumia redio na vikundi vya kusoma pamoja, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini, wakajifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara, na vyoo vikachimbwa. Kampeni ile ilishughulikia magonjwa ya wakati wake. Ya kwake wakati huu yangeweza kuanzia katika shule za sekondari, zilizotapakaa sasa katika kata. Somo la Biolojia hufundisha mzunguko wa damu, na la Fizikia hufundisha shinikizo. Wanafunzi huchora moyo kwa rangi mbili na kupata alama nzuri. Wachache mno kati yao wamewahi kuona mkono wa mtu ukipimwa. Mzazi hufa kwa kitu ambacho mtoto wake amekijibia mtihani.

Kipimo kimoja cha mkono kinachotumia betri, kilichothibitishwa ubora wake, bei yake haitofautiani sana na ile ya mipira michache ya kandanda. Shule ikiwa nacho, pamoja na mganga wa zahanati iliyo karibu kuwasimamia, siku ya mkutano wa wazazi ingetosha kuwapima wote wanaotaka. Yapo ya kuangaliwa. Kazi ya wanafunzi si kutoa hukumu ya ugonjwa, kwa sababu kipimo cha siku moja hakitoshi. Kazi yao ni kupima na kuelekeza. Mzazi akae dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, wala asizungumze. Apimwe mara mbili, kwa kupishana dakika moja. Atakayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi aelekezwe zahanati akapimwe tena siku nyingine. Atakayekutwa na 180 kwa 110 asingoje wiki. Tarehe na namba ziandikwe katika kadi ndogo, akabidhiwe mzazi mwenyewe mkononi, wala zisisomwe mbele ya darasa.